Kiti Kilichokaa Upande

Watu wa Malangali wanasema Coleta ana mdomo. Sawa, ninao. Nyumbani kwetu kazi ziligawanyika vizuri: mimi nilisema, mume wangu Romani alisikiliza. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, na kusikiliza ndiko kulikokuwa kazi yake hasa. Mtu akikosea noti safu ya nyuma kabisa, Romani alimtaja jina bila kuinua macho. Kwa hiyo kiharusi kilipomwangusha mwezi wa tano, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote, nilijiambia maneno yaende tu, hata zamani hayakuwa mengi. Alimradi masikio yamebaki.

Hospitali walipoturuhusu, daktari, kijana mpole, aliniambia nimgeuze mara kwa mara asitoke vidonda, nimlishe kwa kijiko, nimsemeshe. Nikamuuliza kama anaelewa. Akasema hilo hawezi kuniapia, tutalijua wenyewe kwa kukaa naye.

Chumba chetu ni chembamba, mgonjwa na wa kumhudumia hawaenei. Tukaweka kitanda sebuleni. Shemeji yangu Ignasi, kaka mkubwa wa Romani, alikuwa amekuja kutoka kijijini kwao Msanzi siku hiyo, na ndiye aliyeamua mgonjwa alazwe vipi. "Mgonjwa hawapi wageni mgongo," alisema. "Mtu katembea na baridi hii kuja kumpa pole, akute uso." Kwetu ndivyo ilivyo, sikubisha, na kubisha kwangu si kazi ngumu. Tukamlaza kwa ubavu wa kulia, uso umeelekea mlangoni, shavu limezama kwenye mto. Mwezi wa sita huku juu baridi yake si ya mchezo, nikamvalisha kofia ya sufu na kuishusha mpaka masikioni. Mchana kutwa alikaa hivyo, hata kijiko nilimpa vivyo hivyo. Wageni wakiisha nilimgeuzia ukutani, nikamfunika vizuri mpaka kichwani, na mimi nikaanguka kama gunia.

Kitanda kilipoingia, spika zilibidi ziondoke. Hapa lazima niwaeleze habari ya spika, maana nyumba hii ilitawaliwa na spika kuliko ilivyotawaliwa na mtoto. Romani alikuwa na redio kubwa na spika mbili za mbao, na kila wimbo wa kwaya yake aliurekodi ili akausikilize nyumbani akitafuta makosa. Aliamini wengi wetu hatujui kuweka spika. Akiingia kwa mtu akakuta zimepandishwa juu ya kabati, zimefunikwa vitambaa vya kufuma na maua ya plastiki juu yake, roho ilimuuma kabisa. Anaanza: spika si pambo. Zishushe zilingane na masikio ya mtu aliyekaa. Usizisukumie kwenye kona, kona inavimbisha besi mpaka inameza maneno. Zisitazame ukuta wala dari, zigeuze kidogo zimtazame anayesikiliza. Na huyo anayesikiliza akae katikati, yeye na spika zake wawe kama mafiga matatu, umbali uleule kila upande. Ukikaa hivyo, alisema, kwaya nzima inasimama mbele yako: sauti ya kwanza kushoto, ya pili imeigusa, ya tatu na ya nne kulia, unaweza ukamnyooshea mtu kidole. Ukisogea pembeni, wote wanakimbilia spika moja na unabaki na kelele. Amewapangia spika nusu ya Malangali, na wengine hata hawakumwomba.

Lakini mganga hajigangi. Miaka michache nyuma Romani aliugua homa kali iliyomlaza hospitali, akarudi amekonda, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuruga mafiga yake mwenyewe. Kiti chake alikikalisha upande, bega la kushoto karibu liguse ukuta. Spika zote mbili akazipeleka kulia, moja mbele karibu na dirisha, nyingine nyuma karibu na mlango wa jikoni. Ukipita na chai unaruka nyaya. Nilisema nikasema mpaka nikachoka. Jibu lake lilikuwa moja: "Kwangu inasikika vizuri hivi, Mama Scola." Mtu mwingine akitaka kukaa kwenye kile kiti, anamwambia hapana, kaa kwenye kochi. Tukaona ndiyo uzee, unakuja na mambo yake.

Sasa yeye yuko kitandani, kile kiti tukakitoa uani, na spika nikazipandisha juu ya kabati kama watu wenye adabu zao. Nikazifunika vitambaa.

Jumapili moja baada ya misa kwaya ilikuja. Siku hiyo niliingojea kuliko nilivyongojea dawa. Nilimwambia Scola, binti yetu aliyetoka Mpanda kuja kunisaidia, kwamba mwanamume anaweza kumsahau mkewe, lakini Romani hawezi kuisahau sauti ya tatu. Wakajipanga kuanzia sebuleni hadi barazani, wakaimba wimbo wa mavuno aliowatungia mwenyewe, ule wa ulezi kuingia ghalani. Waliimba vizuri mno, kwa hofu. Romani aliwatazama midomo. Akatazama mdomo huu, akatazama ule, kisha akafumba macho, na chozi likamshuka mpaka kwenye mto. Hakuyafumbua tena hadi walipomaliza. Luciana wa sauti ya kwanza alitoka nje analia, nikamsikia barazani akiwaambia wenzake kwamba mwalimu hayupo tena, pale umebaki mwili.

Ignasi naye alimsikia. Watu walipotawanyika aliniita uani, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akanitazama kwa huruma, nami huruma ya Ignasi huwa siiamini.

"Coleta, tumpeleke nyumbani."

"Nyumbani ni hapa."

"Nyumbani Msanzi. Kwa mama yake."

Mama yao amezikwa Msanzi, kwa hiyo nilielewa vizuri sana anasema nini. Mtu hapelekwi kule na blanketi zake kwenda kupona. Barabara peke yake ingemmaliza, na isipommaliza barabara, huko hakuna daktari wa kumkimbilia usiku akikwama pumzi. Nikamwambia yote hayo, na mengine ambayo sitayarudia, maana Ignasi ni mkubwa wangu. Alinisubiri nimalize.

"Angekuwa anasikia, ningemuuliza yeye," akasema. "Lakini umeona leo. Kwaya yake mwenyewe, Coleta. Pale hakuna mtu wa kuulizwa, kwa hiyo ukoo ndio unaamua."

"Na akisikia?"

"Akisikia nitamuuliza, na atakachotaka ndicho nitakachofanya. Wewe utakifanya?"

"Nitakifanya," nikasema, bila hata kufikiri. Nilijua Romani angetaka nini. Nimeishi naye tangu nikiwa binti.

Ignasi akarudi Msanzi kutayarisha chumba. Jumamosi, alisema, atakuja na gari.

Wiki ile nilimsemesha Romani mpaka koo likakauka. Nilimwinamia usoni, nikamwita, nikamwambia Ignasi anakuja kukuchukua, fanya kitu, kunja hata uso. Alinitazama tu. Macho yake yalinifuata mdomo kwa muda, halafu yakachoka, yakaenda mlangoni. Usiku nilisali rozari nikilia, na mchana nilimgombeza Scola kwa makosa ambayo hakuyafanya.

Ijumaa asubuhi nikasema basi. Kama anakwenda, atakwenda ameisikia kwaya yake kwa namna aliyoitaka yeye, hata kama haisikii. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na Mungu nilikuwa namsalimia kwa ufupi. Nikazishusha spika kutoka juu ya kabati. Sakafu yetu ni ya saruji iliyosuguliwa dawa nyekundu, na mahali zilipokuwa zimesimama pamebaki weupe wa mraba. Tukasukuma kitanda pembeni kidogo, nikazirudisha palepale, moja dirishani, moja mlango wa jikoni. Scola akaleta kiti kutoka uani, nacho kina alama zake ukutani, nikakikalisha upande vilevile kilivyokuwa. Nikawasha wimbo wa mavuno. Nikakaa mimi, nione kama nyaya zimeshika.

Nilikuwa sijawahi kukaa pale. Kwaya yote iliniingia upande mmoja. Kushoto kwangu kulikuwa na ukuta, na ukuta haukuniambia kitu. Nikageuza shingo kidogo kuelekea dirishani, sauti ya kwanza ikaja wazi, namsikia Luciana kabisa. Nikairudisha shingo nyuma, upande wa jikoni, wakaja wanaume. Nikashangaa, maana huyu ni mtu aliyewafundisha watu wote kukaa katikati, na mwenyewe alikuwa akisikiliza kwa kupindisha shingo kama kuku anayetazama mwewe. Nikaziba sikio la kushoto kwa kiganja. Hakuna kilichobadilika. Nikaziba la kulia, na kwaya nzima ikanififia.

Nilibaki nimekaa. Scola akauliza, "Mama, vipi?"

Tangu ile homa, tukienda kanisani, Romani alikuwa anazunguka ili anipate upande wake wa kulia. Kama nimesimama kushoto, anahama, nami nikidhani ananikinga na magari. Kwaya alikuwa akiiongoza akiwa katikati kama walimu wote, akaanza kusimama pembeni, waimbaji wote wawe kuliani mwake. Watu wakimwamkia shikamoo kutoka kushoto anapita, wanasema mwalimu anaringa. Na usiku, nikianza maneno yangu, alikuwa anageuka analalia ubavu wa kulia na usingizi unamchukua palepale. Nilikuwa nikimwonea huruma kwa uchovu.

Sikio la kushoto lilikufa na ile homa. Hakumwambia mtu. Nani angemwachia kwaya mwalimu wa sikio moja? Na mimi hakuniambia kwa sababu ananijua, angeniambia asubuhi, jioni Malangali yote ingekuwa inampa pole. Nilikasirika, sitaficha. Nililala naye kitanda kimoja na siri ya namna hiyo, akanipangia spika badala ya kuniambia. Nililia kwa hasira kabla sijalia kwa kingine.

Halafu nikageuka, nikamtazama kitandani. Amelala kama Ignasi alivyomlaza na kama mimi nilivyoendelea kumlaza, uso mlangoni kwa ajili ya wageni. Sikio lililokufa liko juu. Lile zima limefukiwa kwenye mto, na juu yake kofia ya sufu. Wiki zote hizo tulikuwa tunaliongelesha lile bovu. Na kwaya ilipokuja, aliona midomo inafunguka na kufunga na akapata mvumo tu, kama watu wanaimba ndani ya debe. Lazima alidhani kiharusi kimechukua na lile la pili. Ndiyo maana alifumba macho.

"Scola, njoo tumkalishe," nikasema.

Tukamwinua, tukampangia mito mgongoni na ubavuni. Nikamvua kofia. Nikazima redio, nikaenda kulia kwake, nikainama sikioni. Mimi, mwenye mdomo, nikasema jina lake tu, kwa sauti ya kawaida, kama ninamwita chakula kimeiva.

Romani aligeuza macho. Hakugeuza polepole. Aliyageuza kama mtu aliyeshtuliwa, yakanikuta, na mkono wake wa kushoto ukavuka kifua ukaja kushika kanga yangu. Alishika akavuta. Kooni kwake kulitoka sauti ambayo haikuwa neno, na Scola akakaa chini sakafuni akafunika uso.

Nilimwambia kila kitu, kuanzia siku aliyoanguka. Nikamwambia na sikio nimelijua, na kwamba tutagombana akipona. Alikunja uso upande mmoja, ule unaokunjika, na huko ndiko kucheka kwake sasa. Baadaye tukaleta spika moja karibu, tukaiinua juu ya stuli ilingane na kichwa chake, tukaielekeza sikioni, nikawasha wimbo wa mavuno kwa sauti ya chini. Kidole chake kikaanza kupiga juu ya blanketi. Kilipofika pale ambapo sauti ya pili huwa wanachelewa siku zote, kidole kikasimama, na nyusi zikashuka vilevile zilivyokuwa zikishuka kanisani. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Mume wangu alikuwepo, na alikuwa anakosoa.

Usiku ule nililala kama mtu aliyeshinda kesi. Nilipanga hata maneno ya kumwambia Ignasi.

Jumamosi alikuja na gari na dereva, na godoro amelitandika nyuma. Aliingia, akavuta kiti, akakaa kushoto kwa mdogo wake kama alivyozoea.

"Hamia upande huu, Shemeji," nikamwambia. "Huko unaongea na ukuta."

Nikamweleza. Ignasi hakuamini, kisha akahama, akainama kulia. "Romani, ni mimi, kaka yako." Romani akamtazama, akainua mkono, akamgusa kidevu. Ignasi ni mtu mzima mwenye wajukuu, sikuwahi kumwona analia hata kwenye msiba wa mama yao. Siku hiyo alilia mbele ya dereva na hakujifuta.

Alipotulia akanitazama. "Tulikubaliana, Coleta."

"Muulize," nikasema. Nilikuwa na furaha, haki ya Mungu. Nilisimama pale miguuni mwa kitanda nimejishika kiuno.

Ignasi akamshika mkono wa kushoto. Akamwambia taratibu kwamba amekuja na gari, kwamba kule Msanzi chumba kiko tayari, kwamba hapa ndipo hospitali ilipo na mkewe anataka abaki. "Ukitaka twende nyumbani, nibane mkono. Ukitaka kubaki, uache tu."

Niliona vidole vya Romani vikijikunja, vikakaza.

"Umembana wewe," nikamwambia Ignasi. "Toka hapo."

Alitoka. Nikakaa mahali pake, nikauchukua ule mkono, nikauliza kinyume ili pasiwe na ujanja. "Romani. Ukitaka kubaki hapa na mimi, nibane."

Mkono ulikaa wazi mkononi mwangu. Joto lipo, uhai upo, umetulia. Nikafikiri hajasikia, nikasogea mpaka midomo ikagusa sikio, nikarudia kwa Kifipa, lugha aliyonitongozea. Mkono haukusogea. Alikuwa ananitazama, na machoni mwake hapakuwa na kuchanganyikiwa. Alikuwa ananionea huruma, na yeye huruma yake siku zote nimeiamini.

"Unataka Msanzi?"

Akabana mpaka pete ikaniumiza.

Nilitaka kumuuliza mbona. Nilitaka kumwambia kwamba nimekutafuta wiki zote hizi ili nikae nawe, sikukutafuta ili uniage. Maneno yote yalikuja mdomoni, na yeye alikuwa akiyangoja, sikio lake likiwa wazi. Nikayameza. Mtu aliyefunguliwa sikio jana asikilize hayo leo, hapana.

Ignasi angeweza kuniambia si nilikwambia. Hakuniambia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba tunaweza kungoja hata wiki moja, gari si shida.

"Ameulizwa, amejibu," nikasema. "Mwambie dereva asogeze gari mlangoni, na alazwe kwa ubavu wa kushoto."

Nikaingia chumbani nikaanza kukunja nguo, zake kwanza, halafu zangu.